Peremende za Usingizi

Mtaa mzima ulimwita Mama Kipimo. Jina hilo alipewa na wateja wake. Fundi huyu wa cherehani hakukata kitambaa hata siku moja bila kupima mara mbili. Mteja akinung'unika kwamba anacheleweshwa, yeye humjibu, "Mkasi ukishapita umepita, bwana. Nyoosha mkono nikupime tena."

Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kamba iliyojaa nguo zinazowasubiri wenyewe. Mumewe alikuwa fundi bomba. Alitoka asubuhi na mfuko wake wa spana, akarudi jioni suruali imelowa hadi magotini. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Nyumba ilibaki na watu wawili tu, na mmoja wao halali.

Mambo yalianzia mguuni. Miezi mitano nyuma, mguu wa kushoto wa Mama Kipimo ulivimba ghafla, ukawa wa moto na wenye maumivu. Hospitali wakamwambia damu imeganda ndani ya mshipa. Walimlaza, wakamtibu, wakamruhusu kurudi nyumbani na dawa iitwayo warfarini. Kazi ya dawa hiyo ni kuzuia damu isigande ovyo. Mama Kipimo aliimeza kila siku saa moja jioni. Kila mwezi alikwenda kliniki kupimwa damu. Hakukosa hata mara moja.

Mguu ulipona, usingizi ukamkimbia. Alijilaza mapema, akageuka huku, akageuka kule, mpaka jogoo wakawika. Mchana ndipo macho yalipolegea. Aliinamisha kichwa mezani na kusinzia saa nzima katikati ya vipande vya nguo. Jioni, ili kazi ziishe, alikunywa chai nzito vikombe vitatu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kuwatembelea. Huyu aliishi nchi ya mbali na alikuwa na mdomo usio na breki. Alimtazama mke wa kaka yake kuanzia juu mpaka chini.

"Wifi, uso gani huo? Umekunjamana kama nguo iliyotoka kwenye ndoo."

"Silali, wifi yangu."

"Hulali? Kaka yangu nilimpa mke, sikumpa bundi!"

Wakacheka. Kisha wifi akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya plastiki iliyojaa vitu vyekundu, laini, vilivyopakwa sukari.

"Chukua. Zinaitwa melatonini. Kwetu kule zinauzwa dukani, zimekaa kando ya sabuni. Unatafuna moja kabla ya kulala."

"Ni dawa?"

"Dawa gani! Ni peremende za usingizi. Onja kwanza."

Mama Kipimo akaonja. Ilikuwa tamu. Usiku ule alilala saa nne mfululizo, na asubuhi akamkumbatia wifi yake mlangoni kwa furaha.

Siku mbili baadaye alikwenda kliniki kama kawaida. Damu yake ilipimwa, ikaonekana sawa. Muuguzi akamuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna," akajibu.

Hakusema uongo. Kwa hesabu yake, dawa ni kitu kichungu kinachotoka kwenye dirisha la kliniki ndani ya bahasha ndogo. Peremende haikuingia katika hesabu hiyo.

Wiki ya pili, moja haikutosha. Akatafuna mbili. Wiki ya tatu akatafuna tatu. Asubuhi moja akaona damu kwenye mswaki. Akaulaumu mswaki kuwa mgumu. Siku nyingine aligonga mkono kidogo tu kwenye ukingo wa meza, akapata alama nyeusi pana kama sahani. Akailaumu meza.

Mchana mmoja, mfamasia wa mtaa wa pili alibisha hodi. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Alikuja kuchukua makoti yake mawili meupe ya kazini.

"Mama, makoti yangu yamezaliwa?"

"Moja limezaliwa, la pili liko mbioni. Keti, binti yangu. Nashona kifungo cha mwisho."

Sindano ikamchoma kidoleni. Hilo kwa fundi si jambo la kutaja. Mama Kipimo alinyonya kidole, akaendelea. Damu ikatoka tena. Akakifunga kwa kipande cha kitambaa. Kitambaa kikalowa. Kabla hajaweka kazi chini, tone kubwa likaanguka kwenye koti jeupe.

"Maskini mimi! Koti la watu!"

"Achana na koti," alisema mfamasia. Alikuwa amekwisha kusimama. "Nipe kidole."

Alichukua kitambaa safi, akakibana kile kidole kwa nguvu, macho yake kwenye saa ya ukutani. Dakika tano zikapita. Akainua kitambaa. Damu ilikuwa bado inatoka.

"Mama, hii si kawaida. Na hii alama ya mkononi?"

"Niligonga meza."

"Fizi zinatoka damu?"

Mama Kipimo akashtuka. "Umejuaje?"

"Unatumia dawa gani?"

"Warfarini tu. Naimeza kama nilivyoambiwa, sikosei."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Mfamasia hakuridhika. Akaendelea kukibana kidole huku akiuliza taratibu, kama mtu anayepapasa upindo akitafuta pini iliyosahauliwa. "Mitishamba? Vitamini? Kidonge cha maumivu ulichopewa na jirani? Kitu cha kunywa, cha kupaka, cha kutafuna?"

"Cha kutafuna..." Mama Kipimo akasita. "Labda zile peremende za wifi."

Chupa ilikuwa rafuni, pamoja na makopo ya vifungo. Mfamasia akaisoma, akashusha pumzi.

"Unatafuna ngapi?"

"Tatu. Ni sumu?"

"Si sumu. Mwili wenyewe hutengeneza melatonini. Giza likiingia, ubongo huitoa ili mwili ujue kwamba saa ya kulala imefika. Wapo watu inaowasaidia kwa muda mfupi, wakiwa na maelekezo ya daktari. Shida yako ni kwamba tayari ulikuwa na warfarini tumboni."

"Kwa hiyo zinagombana?"

"Bora zingegombana. Zinasaidiana kupita kiasi. Sikiliza. Umempima mteja, ukapunguza kiuno cha gauni vizuri. Halafu fundi mwingine, bila kukuambia, akapunguza tena. Itakuwaje?"

"Litambana, hata kupumua hawezi!"

"Ndiyo hivyo. Warfarini inazuia damu kuganda. Daktari alikupimia kiasi chake. Melatonini inaweza kuizidisha nguvu bila yeye kujua. Damu inakuwa nyepesi mno. Leo ni kidole. Kesho inaweza kuvuja tumboni au kichwani, mahali ambapo huwezi kufunga kitambaa."

"Basi naacha zote mbili, leo hii."

"Hapana, mama! Peremende weka pembeni kabisa. Warfarini usiiache kwa uamuzi wako, maana damu inaweza kuganda tena. Nenda kliniki sasa hivi, wakupime, wao ndio waamue. Na chupa hiyo uibebe."

Mlango ukafunguliwa. Fundi bomba alikuwa amerudia spana aliyoisahau. Akaona kitambaa chekundu, akaona uso wa mkewe.

"Kuna nini? Bomba limepasuka?"

"Linavuja, baba," mfamasia akajibu. "Mpeleke kliniki mara moja. Dawa zimeingiliana. Melatonini haitaki kuchanganywa kiholela na dawa nyingine. Si warfarini peke yake. Dawa za kisukari, za kifafa, za presha, za wasiwasi, na nyingine za usingizi, zote muulize kwanza mtaalamu."

Fundi bomba akakuna kichwa. "Umesema za presha?"

"Kwani vipi?"

"Mimi nameza za presha. Na Jumapili nilidokoa mbili. Zilikuwa tamu."

"Mume wangu!" Mama Kipimo akapiga ukelele. "Ndiyo maana chupa inapungua upesi!"

"Mtakwenda wote wawili," alisema mfamasia, akakifunga kidole vizuri.

Kliniki haikuwa mbali. Muuguzi alipoona kidole na chupa, hakuwaacha wakae kwenye foleni. Damu ilipimwa. Presha ya fundi bomba nayo ikapimwa, ikaonekana haina tatizo. Alionywa asidokoe tena. Majibu ya Mama Kipimo yalipotoka, daktari aliwaita ndani.

"Mama, damu yako imekuwa nyepesi kupita kipimo. Siwezi kuapa kwamba ni melatonini peke yake, ila ndiyo kitu kipya ulichoongeza. Umewahi. Wiki moja zaidi, huenda tungeongea mengine."

Alimwambia asimeze warfarini jioni ile, arudi kesho kupimwa tena, kisha angemwelekeza. Akamtajia dalili za kumfanya akimbilie hospitali saa yoyote: kichwa kuuma vikali kwa ghafla, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au damu isiyokatika.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa niambie. Usingizi ulikukimbia kwa nini?"

Mama Kipimo alitazama mikono yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wote walimpa dawa ya usingizi, kuanzia maziwa ya moto mpaka peremende.

"Naogopa," alisema kwa sauti ndogo.

"Unaogopa nini?"

"Nilipolazwa nilisikia mkisema damu iliyoganda inaweza kutoka mguuni ikaenda kwenye mapafu. Basi nikifumba macho naona kama nikilala sitaamka. Nalala nikiusikiliza mguu."

Fundi bomba akamgeukia. "Miezi mitano? Na mimi hapo ubavuni nakoroma tu?"

"Ningekuamsha nikuambie nini?"

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Akaushika mkono wa mkewe wenye kidole kilichofungwa, polepole kama mtu anayeshika glasi. Mama Kipimo akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Daktari akauchunguza mguu palepale. Haukuwa umevimba tena. "Hatari ile ilikuwa kubwa siku za mwanzo," alisema. "Sasa una mlinzi, naye ni warfarini. Ukiimeza sawasawa na kupimwa kwa wakati, inakulinda hata ukiwa usingizini. Huna haja ya kukesha pamoja nayo."

Mama Kipimo akacheka katikati ya machozi. Kumbe alikuwa akifanya zamu isiyokuwa yake.

Daktari hakumpa kidonge kingine. Alimpa utaratibu. Chai nzito mwisho saa nane mchana. Akichoka mchana, asisinzie zaidi ya nusu saa. Jioni taa za karakana zizimwe mapema. Aamke saa ileile kila siku. Akikosa usingizi asigaragare kitandani. Ainuke, akae pahali tulivu, arudi akisikia macho mazito. "Na kila tunapokuuliza kuhusu dawa," akamalizia, "taja kila kinachoingia mdomoni kwa ajili ya afya. Kitamu na kichungu."

Alipofika nyumbani, Mama Kipimo alichukua kadi ya vipimo, ile anayoandikia mabega na viuno vya wateja. Juu akaandika jina lake. Chini yake akaandika kila dawa, kiasi chake na saa yake. Akamwandikia mumewe kadi nyingine. Hata dawa ya kikohozi aliiandika.

Kisha akampigia wifi yake simu. Wifi alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Wifi, nusura nikuue," akasema. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Katika watu wote ni wewe uliyenionea huruma. Nakushukuru. Ila na wewe si unameza vidonge vya kifafa? Nenda kamuulize daktari wako."

"Kesho asubuhi. Naapa."

Damu ya Mama Kipimo ilichukua siku chache kurudi kwenye kipimo chake. Fizi zikapona. Ile alama pana ikageuka ya kijani, kisha ya manjano, ikatoweka. Usingizi haukurudi mara moja. Ulikuja kidogo kidogo, leo wa saa tatu, kesho kutwa wa saa tano. Mfamasia alishonewa koti jipya kabisa, lenye mifuko mitatu, na kila aliposema "Mama, si ungelifua tu lile?" alijibiwa, "Nyamaza uvae."

Ikafika asubuhi moja. Mama Kipimo alifumbua macho, akaona jua limejaa dirishani. Akadhani saa imeharibika. Nje ya mlango wa karakana palikuwa na minong'ono ya wateja, na juu ya minong'ono ile palikuwa na sauti ya mumewe, mtu asiyejua kunong'ona.

"Jamani, taratibu! Hakuna kugonga! Fundi amelala!"

"Amelala? Saa tatu hii?" mteja mmoja akauliza. "Anaumwa?"

"Anaumwa wapi! Amelala tu, usingizi wake mwenyewe, hakuna aliyempa. Mwenye haraka arudi jioni."

Kisha Mama Kipimo akasikia nyayo zikiondoka moja moja, zikikanyaga kwa uangalifu, kama watu wanaopita mbele ya chumba cha mtoto mchanga.

Angeweza kuinuka. Kazi zilikuwa zinamsubiri. Alimshukuru Mungu, akamshukuru yule binti wa dawa, akavuta shuka mpaka mabegani, akafumba macho bila hofu.