Chiriku na Chura wa Ntalikwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Josepha alifagia uwanja wa nyumba yao pale Ntalikwa, kisha akasimama kidogo kuitazama njia ya zamani ya misafara. Waingereza walikuwa wakitawala Tanganyika wakati huo, na wanaume wengi wa Unyamwezi walishika njia hiyo kwenda kukata mkonge Tanga. Baba yake alikuwa mmoja wao. Mvua zilikuja, zikaisha, zikaja tena, na Baba hakuonekana. Josepha alimkumbuka mno, hata hamu yake ikaanza kugeuka hasira.

Siku moja Mwalimu Yoramu aliwaambia wanafunzi wamlinganishe chiriku na chura.

Josepha alisimama. "Chiriku huimba mtini, chura huimba majini. Wote hutaga mayai. Lakini chiriku dume huwaletea makinda chakula. Chura dume huwatupa watoto wake akaenda zake. Hana huruma hata chembe!"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Umeona mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu." Hakuwa ameona chochote.

"Vizuri. Kesho utatupeleka ukatuonyeshe."

Josepha akaingiwa na hofu. Jioni alimfuata mama yake kwenye majaruba ya mpunga. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku kadhaa, na dimbwi moja lilikuwa karibu kukauka. Viluwiluwi walijazana katika maji machache yaliyobaki. Kando yao chura dume, mnene kama ngumi mbili, alisukuma matope kwa miguu ya nyuma. Alikuwa akichimba mfereji kuelekea jaruba lenye maji.

"Mama, anafanya nini yule?"

"Anawafungulia watoto wake maji. Kwani hujapata kumwona?"

Josepha akaangua kilio. "Nimemsema vibaya, Mama. Nilikuwa namsema Baba."

Mama alimvuta kifuani, naye machozi yakamlengalenga.

Asubuhi Josepha aliwahi shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Josepha."

"Jana nilisema uongo. Sikuwa nimeona." Akamweleza yote, kisha akauliza, "Mwalimu, Baba atarudi lini?"

"Sijui, mwanangu, wala sitakudanganya. Kazi ya chiriku iko wazi juu ya mti, ya chura imo matopeni. Usiloliona, sema hulijui. Hiyo si aibu. Aibu ni kumsingizia asiyekuwepo kujitetea."

Josepha akajifuta machozi.

"Basi, Mwalimu, kuhusu Baba ninajua jambo moja tu. Ninamtaka arudi."