Antena Iliyotazama Baharini

Jumatatu, tarehe ishirini na sita Novemba 1956, saa kumi na mbili na dakika nne jioni, televisheni ya Mzee Wilf Tranter iligunduliwa kuwa haipo.

Iligunduliwa na mkwewe, Bi Edna, aliyetoka jikoni na sahani ya nyama ya kondoo, akatazama kona ya sebule, na kukuta kona.

Inspekta Mervyn Pascoe alifika baada ya dakika ishirini, kwa baiskeli. Gari la kituo cha Wattlegrove, pamoja na askari tisa kati ya kumi na mmoja, lilikuwa limechukuliwa kwenda kulinda Michezo ya Olimpiki katikati ya Melbourne. Kituoni alibaki yeye na Konstebo Keogh, ambaye hakuchukuliwa kwa sababu mwezi Oktoba alikanyagwa mguu na farasi wa polisi, na tangu hapo yeye na farasi huyo hawakupatana.

"Usiguse kitu," Inspekta alisema mlangoni.

"Hakuna cha kuguswa," alijibu Bi Edna. "Ndiyo maana nimewaita."

Pascoe alipiga magoti. Kwenye zulia palikuwa na alama nne za miguu ya televisheni, na vijiti vichache vya nyasi mbichi. Waya wa antena ulining'inia dirishani. Haukukatwa. Ulifunguliwa skrubu moja moja, kwa adabu.

"Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Hukusikia kitu?"

"Redio ilikuwa juu. Yule kijana wa Marekani anayeimba kama ameingiwa na siafu."

"Mlango?"

"Wazi. Nani anafunga mlango Wattlegrove?"

"Majirani?"

"Wanaume wote baa. We Inspekta, umeingia nchini leo?"

Inspekta hakuingia leo. Sheria ilifunga baa saa kumi na mbili jioni. Wanaume walitoka kazini saa kumi na moja, wakawa na saa moja ya kunywa bia ya usiku mzima. Ndani ya saa hiyo mtu angeweza kubeba kanisa la Wattlegrove na mnara wake, asionekane na yeyote, kwa kuwa waume walitazama bilauri na wake walitazama sufuria.

Kikohozi kirefu kilitoka chumba cha nyuma. Pascoe akavua kofia, akaingia.

Mzee Tranter alilala juu ya mito mitatu. Gesi ya sumu ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imemla mapafu kidogo kidogo kwa miaka arobaini, na sasa ilikuwa inamalizia.

"Inspekta. Mjukuu wangu Noreen anarusha mkuki Olimpiki keshokutwa, saa tisa alasiri."

"Najua, Mzee. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima ndio ulioninunulia hiyo televisheni. Nilimfundisha huyo mtoto na mpini wa ufagio, hapo uani, baada ya baba yake kufa vitani na kuzikwa New Guinea. Sijawahi kumwona akirusha mbele ya watu. Daktari anasema niende uwanjani kama nataka kufia njiani." Akapumzika, akavuta pumzi. "Krismasi siioni, hilo si siri. Mimi nataka Jumatano tu."

"Utaipata," alisema Pascoe.

Nje, Konstebo Keogh, aliyekuwa amefika akichechemea, aliinama sikioni mwake. "Afande, umeahidi."

"Nimeahidi."

"Kanuni zinasema tusiahidi."

"Kanuni haziko hapa. Ziko Olimpiki pamoja na gari."

Jumanne asubuhi walichukua alama za vidole kwenye dirisha na mlango. Zilipatikana za watu mia moja thelathini na saba, yaani mtaa mzima, kwani mtaa mzima ulikuwa umepita kuigusa televisheni hiyo na kuuliza watu wa ndani yake wanaingilia wapi.

Pascoe alipiga simu makao makuu kuomba askari wawili.

"Inspekta," ilisema sauti upande wa pili, "Budapest inawaka moto. Mfereji wa Suez umezibwa na meli zilizozama. Mataifa ya dunia yamejaa mjini kwangu na nusu yake hayasalimiani. Na wewe unaniletea televisheni?"

"Ndiyo, Mkuu."

Simu ikakatwa. Pascoe akaiweka chini taratibu, akavaa kofia, akaanza kugonga milango.

Aligonga hamsini na mbili. Kila alipogonga aliambiwa jina la mwizi bila kuuliza: Mhungaria. Ferenc Szabo, fundi wa redio, ndiye aliyeifunga televisheni ya Mzee. Alijua kila skrubu yake. Na tangu asubuhi duka lake lilikuwa limefungwa.

"Katoroka," alisema Bwana Les Gribble, karani wa kiwanda cha biskuti, akiwa amesimama kwenye mlango wake wa kijani. "Mambo mengine hayahitaji upelelezi. Yanahitaji macho."

"Wewe ulikuwa wapi jana saa kumi na mbili kasoro?"

"Baa. Pamoja na wanaume wote."

"Nani alikuona?"

"Saa ile? Nani anamwona nani? Mimi mwenyewe sikujiona."

Hilo lilikuwa jibu la kila mwanaume wa mtaa ule, na lilikuwa kweli kwa kila mmoja. Pascoe aliinua macho kwenye paa.

"Naona una antena."

"Na televisheni yangu chini yake, tangu siku ya kwanza ya matangazo. Tarehe nne."

"Vizuri. Madukani zimekwisha kabisa, hata ya kuazima hakuna. Kesho Mzee Tranter abebwe na kitanda chake, aje atazame kwako."

Bwana Gribble aliuvuta mlango nyuma yake. "Ningependa sana, Inspekta. Ila shemeji zangu wanakuja kutoka Ballarat. Watu tisa. Hata paka nimemwambia akae nje." Nyumba nyingine zenye antena nazo, kila moja ilijibu kwamba imejaa wageni.

Jumatano saa sita mchana Ferenc Szabo alirudi, akafungua duka lake, na kukuta polisi wawili wamekaa ngazini wanakula mikate ya nyama.

"Mmenikamata?" aliuliza.

"Bado tunakula," alisema Pascoe. "Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo. Ulikuwa wapi?"

"Ukumbi wa kanisa, mjini. Wanabandika majina ya Wahungaria waliovuka mpaka kuingia Austria. Namtafuta mdogo wangu."

"Na jana?"

"Hapohapo. Na leo asubuhi, hapohapo."

"Umempata?"

"Bado."

"Mashahidi?"

"Watu mia, Inspekta. Wanalia, lakini macho wanayo."

Pascoe aliandika, akafunga daftari. Alimwamini. Saa yake ilisema sita na nusu, na Mzee alikuwa anangoja.

"Bwana Szabo, nani hapa mtaani anajua kufungua waya wa antena bila kuukata?"

"Kila mwenye televisheni. Wako wanne, wote nimewafungia mimi."

Keogh alihesabu kwa kidole, akitazama mapaa. "Naona antena kumi na moja."

"Kuna watu wenye televisheni," alisema Szabo, "na kuna watu wenye antena. Hamjui? Antena inaonekana na majirani. Televisheni inaonekana na mwenye nyumba peke yake." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kuna mmoja ameipandisha mwenyewe. Minara ya matangazo iko kule milimani, Dandenong. Yeye kaielekeza baharini, ili watu wa mtaani waione ubavu mzima. Jumamosi nilipita nikasimama. Nikasema, huyu bwana anasikiliza samaki."

"Nyumba ipi?"

"Ile yenye mlango wa ki..."

Alinyoosha mkono, akauacha hewani.

Antena zote kumi na moja zilitazama mlimani.

"Jumamosi ilikuwa baharini," Szabo alisema polepole. "Naapa kwa mama yangu. Mtu hupanda juu ya paa kugeuza antena kwa sababu moja tu, Inspekta. Ameona chenga kwenye kioo."

"Na ili aone chenga," alisema Pascoe, akiwa tayari amepanda baiskeli, "awe na kioo."

Kupata hati ya upekuzi kwa hakimu ambaye moyo wake uko uwanjani ni kazi ya saa moja na nusu. Saa nane na dakika kumi na mbili Inspekta aligonga mlango wa kijani.

Sebuleni watu tisa kutoka Ballarat walikaa kwa mistari mitatu kama wako kanisani, kila mmoja na kipande cha keki magotini. Mbele yao, juu ya meza, chini ya kitambaa cha kufuma pamoja na sanamu ya mbwa wa kauri, ilikaa televisheni. Bi Mavis Gribble alisimama kando yake akiwa na birika la chai.

"Namba yake imekwaruzwa," alisema Keogh, akichungulia nyuma.

"Ilikuja hivyo," alisema Gribble.

"Uliinunua lini?" Pascoe aliuliza.

"Nimekwambia jana. Tarehe nne."

"Na antena?"

"Siku hiyohiyo. Kwa mikono yangu."

"Picha ikoje?"

"Kama maji ya kisima. Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza. Hujaigusa antena?"

"Sijaigusa."

"Mtu mwingine?"

"Nani atapanda paa langu? Haijaguswa na mtu."

"Mpaka Jumamosi ilitazama baharini, Bwana Gribble. Fundi aliiona. Leo inatazama mlimani. Wiki tatu hizo ulikuwa unapokea nini kutoka baharini?"

"Pweza," alisema shemeji mnene kutoka mstari wa nyuma, na Ballarat nzima ikaangua kicheko.

Gribble hakucheka. Bi Mavis aliweka birika chini.

"Mwambie, Les."

"Nyamaza, Mavis."

"Sinyamazi. Wiki tatu, Inspekta! Wiki tatu kila jioni nasimama nyuma ya pazia na taa ya buluu, napunga gazeti mbele yake, ili wapitao waone mwanga unachezacheza. Mkono umekufa ganzi! Halafu dada yangu anapiga simu, tunakuja kutazama Olimpiki. Huyu anajibu njooni, njooni wote. Jumatatu kaja na hii, kaniambia kauziwa na mtu. Nikajitia kuamini. Nilikuwa nimechoka kupunga."

Pascoe alingoja. Katika kazi yake alijifunza kwamba mtu aliyeacha kusema uongo huhitaji nafasi ya kugeuka, kama lori.

"Nilikata nyasi," alisema Gribble hatimaye. "Saa kumi na moja na nusu, ili niwe na sababu ya kusukuma toroli. Nikaingia, nikaifungua, nikaifunika na nyasi. Niliwaza, siku mbili tu. Alhamisi ningeirudisha mlangoni kwake. Naapa."

"Alhamisi Noreen Tranter hatarusha mkuki."

"Najua."

"Ulijua Jumatatu?"

Gribble alitazama zulia. "Nilijua."

Pingu zikalia. Saa nane na dakika thelathini na moja.

"Afande," alinong'ona Keogh, ambaye mkono wake wa kulia sasa ulikuwa umefungwa na wa kushoto wa mshukiwa, "kielelezo kinatakiwa kufungiwa stoo ya kituo mpaka siku ya kesi."

"Stoo ina mlinzi?"

"Hapana. Mlinzi ni mimi."

"Na wewe uko wapi?"

"Hapa."

"Basi kielelezo kitahifadhiwa ulipo wewe. Na wewe utahifadhiwa sebuleni kwa Mzee Tranter. Andika."

Keogh hakuweza kuandika, kwa sababu ya pingu, lakini alikubali. Hivyo ndivyo kielelezo namba moja kilivyorudi eneo la tukio ndani ya toroli, ambayo ilikuwa kielelezo namba mbili, ikisukumwa na mshukiwa kwa mkono mmoja na sheria kwa mkono mwingine, sheria ikichechemea. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Watu tisa wa Ballarat walifuata nyuma na keki zao.

Kitanda cha Mzee kilikuwa kimeshasukumwa mpaka sebuleni. Bi Edna alikuwa amemchana nywele. Szabo, aliyeitwa na Inspekta, alipiga magoti kwenye waya, na wale waliomwita mwizi tangu jana walimpitishia bisibisi bila kumtazama usoni.

Mzee alimtazama Gribble.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini mimi?"

"Nyumba ilikuwa wazi."

"Nyumba zote ziko wazi. Sema."

Gribble alijaribu kukunja mikono, akavuta wa Keogh, akaacha.

"Nimeishi mtaa huu miaka kumi na moja," alisema. "Hakuna aliyejua jina langu. Nilikuwa yule wa biskuti. Siku niliyopandisha antena, watu walisimama. Wakaniita Bwana Gribble. Na wewe ulikuwa umekaa dirishani, ukanipungia mkono. Mimi. Sikuweza kurudi kuwa yule wa biskuti, Mzee. Shemeji zangu wangekuta meza tupu, na kufika jioni mtaa wote ungejua. Ningeiba hata kwa mama yangu."

Hata Ballarat iliacha kutafuna.

"Nilikupungia?" Mzee aliuliza.

"Ulinipungia."

"Macho yangu mabovu. Nilidhani wewe ni daktari." Akakohoa, akavuta pumzi. "Haya, keti. Unaniziba."

Wakaketi, mshukiwa na Konstebo, kwenye stuli moja.

Kioo kiliwaka. Chenga, mistari, kisha uwanja mkubwa mweupe kwa jua, na msichana mrefu mwenye nywele fupi akitembea kuelekea alama, mkuki begani. Bi Edna alishika ukingo wa kitanda. Pascoe alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Noreen Tranter alikimbia, akajipinda, akarusha. Mkuki ulipanda, ukatoka nje ya picha, ukarudi ukiwa mbali sana, ukachoma nyasi. Mtangazaji alisema haukutosha kuingia sita bora. Hakuna aliyemsikiliza.

"Kiwiko," alisema Mzee Tranter, machozi yakimwingia masikioni. "Mmeona? Amekumbuka kiwiko."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Les Gribble. Na kwa kuwa mkono wake mmoja haukuwa wake peke yake, Konstebo Keogh naye akapiga.