Ambreyaje ya Papa Kataliko

Haya yalimpata rafiki yangu Guylain wa Ndosho, mutu mwenye kichwa kigumu kuliko mawe ya volkano. Marehemu baba yake, Papa Kataliko, aliendesha Mercedes ya otomatiki kwa sababu hakuwa na mguu wa kushoto. Guylain akaamua kuifungia gia za mkono, zile za kukanyaga ambreyaje, yaani klachi, kwa mguu wa kushoto.

“Ngoja kwanza tumalize matanga!” shangazi yake akamkemea.

“Shangazi, mimi nina miguu miwili, na yote inatafuta kazi!”

Fundi alipomaliza, Guylain akaingia garini. Umeme wa gereji ukakatika, giza totoro. Akawasha moteri. Chini, kwiiii! Pedali mpya ya ambreyaje ikashuka yenyewe.

“Papa, kanyaga tu! Usukani ni wangu!” Guylain akamwambia marehemu.

Akasukuma gia. Ikaingia laini, bila kukwaruza. Mguu wa kushoto wa Guylain ulikuwa bado nje ya mlango.