Fimbo Iliyogonga Ardhi ya Lugoza

Vueni kofia, enyi mtakaosoma, na anayetafuna muwa auweke chini! Hapa yaanza tarikhi tukufu ya vita vya Lugoza, vilivyotetemesha milima, vikakausha mito na kuwanyima usingizi watemi saba. Chanzo chake kilikuwa shimo la maji ya chumvi lenye upana wa ungo.

Watemi nao walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa mgonjwa.

Zama hizo misafara ya pembe ingali ikipita bara, Lugoza ilikuwa boma la magogo lililojaa moshi wa majiko. Watu walichota maji ya visima, wakayachemsha katika vyungu hadi chumvi ibaki chini, wakaifunga kwa majani na kuibadilisha kwa kaniki, shanga na majembe. Kisima bora kuliko vyote kilikuwa cha Nyanzala, mjane aliyekirithi kwa mama yake. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa maji yale.

Msimu mmoja Kalindo, jemadari wa rugaruga waliolinda boma, aliweka watu wawili wenye magobori kando ya kisima hicho. Hakueleza sababu. Alikuwa mtu wa joho jekundu, manyoya ya mbuni kichwani na njuga miguuni, hivyo ulimsikia kabla hujamwona.

Nyanzala akaenda barazani kwa Mwanangwa Ntunduru, mwamuzi wa Lugoza.

Katika baraza hilo vilikuwamo vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kata ya togwa: wagombanao wakikubaliana, walikunywa humo mmoja baada ya mwingine, na maneno yakaisha. Cha pili kilikuwa fimbo ya mpingo, imetundikwa darini. Mwamuzi akiigonga ardhini mara tatu na kumtaja mwenye haki, hapakuwa na mtu wa kuipindua hukumu hiyo, hata mtemi. Ntunduru alijivunia kwamba kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuishusha.

"Mama," alisema Ntunduru, "gawaneni. Nusu yako, nusu yake."

"Nusu ya nini, Mwanangwa? Kisima ni cha mama yangu. Kila mtu hapa anajua."

"Najua."

"Basi sema!"

Kalindo akacheka. "Mama huyu ana sauti! Angekuwa mwanamume ningempa gobori."

"Ungenipa la nani? Hilo nalo umemnyang'anya nani?"

Watu wakacheka, na Kalindo akaacha kucheka.

Ntunduru hakuwa mwoga wa bure. Alipokuwa kijana, baba yake aliigonga fimbo iliyoitangulia hiyo katika kesi ya mpaka wa shamba. Hukumu ilikuwa ya haki tupu. Walioshindwa wakarudi na mienge, nyumba kumi na saba zikaungua, na katika mojawapo alikuwamo mama yake Ntunduru.

"Nikihukumu," alimwambia Nyanzala kwa upole, "mmoja wenu atatoka hapa na aibu. Aibu haikai kimya. Mkipatana, wote mtatoka mkitembea."

"Mwanangwa, mimi nimesukumwa chini, na huyu amesimama juu yangu na bunduki. Unatuambia tukutane katikati. Katikati ni wapi?"

Lakini baraza zima lilimtazama kwa macho ya kumwomba. Nyanzala akanywa. Kalindo akanywa na kujifuta masharubu.

Msimu uliofuata Kalindo alichukua kisima chote. Nyanzala alipomkabili, jemadari alimjibu bila hata kukasirika: "Kama hakikuwa changu, mbona ulinigawia nusu mbele ya mwamuzi?"

Siku hiyohiyo wapelelezi wakaleta habari: Mabala, mtemi wa kaskazini, anakuja na mikuki mia nne kuvitwaa visima, naye yuko mwendo wa siku mbili. Boma likaanza kufungwa. Nyanzala akaingia barazani huku watu wakiburuta miiba kuziba malango.

"Si wakati wake, mama," Ntunduru alisema. "Bunduki zote thelathini ni za Kalindo. Chukua robo. Nitamsihi akupe robo."

"Sitaki chumvi. Nataka neno. Sema ni cha nani, kisha akichukue kama mwizi, nami nitanyamaza."

Ntunduru akaitazama fimbo. Akanyoosha mkono, akaishusha, vumbi la miaka ishirini likamwangukia ndevuni. Akagonga mara tatu. "Kisima ni cha Nyanzala!" Ardhi ikaguna. Rugaruga wakashusha magobori yao kwa haya, wakamvua jemadari wao manyoya na njuga. Na Mabala alipofika, Nyanzala alisimama juu ya lango akiongoza wanawake mia kumwaga vyungu vya maji ya chumvi yachemkayo, mikuki mia nne ikakimbia ikipiga mayowe, na Lugoza ikashinda!

Hapo ndipo bibi yangu alipolitua daftari hili mapajani.

"Fimbo iligonga?" aliuliza.

"Iligonga, bibi. Angalia mwenyewe."

Fimbo iko kwetu, ukutani, juu ya kabati la vyombo. Ntunduru ni wa ukoo wetu. Bibi akaishusha, akaigeuza. Nchani palikuwa na udongo umekauka. Akaukwangua kwa ukucha na kuunusa.

"Udongo wa Lugoza ni mweupe," alisema. "Huu mwekundu umetoka wapi?"

Umetoka katika shamba la mihogo la shule yetu ya bweni. Niliubeba likizo ndani ya soksi.

Basi nakiri. Ntunduru alinyoosha mkono, akaigusa fimbo, akasikia njuga za Kalindo zikija nje ya baraza, akaurudisha mkono. Alisema, "Kunywa, mama." Nyanzala akamwaga togwa chini, akajitwika chungu chake na kutoka kwa lango la magharibi kabla halijazibwa. Hakuna ajuaye alifika wapi.

Mabala alifika. Akaziona bunduki thelathini juu ya ukuta, akageuza jeshi lake. Hakufa hata mtu mmoja, wala nyumba haikuungua, nasi wa ukoo wa Ntunduru tumezaliwa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nimeshindwa kumtukana, ingawa nimejaribu kurasa tatu, nikazichana.

Kisima kipo hadi leo. Kinaitwa Kwa Kalindo.

Bibi hakunipiga. Alinipa kitambaa chenye maji na kuniamuru niisafishe. Nikasugua mpaka wekundu wote ukaisha, na ncha ya fimbo ikabaki kali, nyeusi, haina hata mkwaruzo, kama siku ilipochongwa.