Mama wa Senti ya Shaba

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Lakini msipige kelele, kuna mtu anasikiliza.

Mize alipenda kukusanya sarafu kuukuu. Alizitia ndani ya kopo. Cheke, cheke, cheke!

Siku moja bibi yake, Bibi Shemsa, akampa sarafu kubwa ya shaba. "Hii ni senti ya Marekani," akasema. "Ilikuja na mabaharia, zamani, hata bibi yangu hajazaliwa. Itunze, mjukuu wangu."

Senti ilikuwa nyeusinyeusi. Katikati palikuwa na uso wa mwanamke. Alitazama pembeni. Hakutabasamu.

"Masikini, mchafu huyu!" akasema Mize.

Nyumbani kwao, kila chombo cha shaba kilisuguliwa kwa ukwaju na majivu. Sinia, birika, vyote ving'ae! Basi Mize naye akakaa uani na senti yake.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Kuku wakanyamaza. Upepo nao ukanyamaza. Ikasikika sauti nyembamba.

"Taratibu, mwanangu. Uso wangu unakwisha."

Mize akageuka. Hakuna mtu! "Aa, masikio yangu tu," akasema. Akaendelea.

Kwaru, kwaru, kwaru!

"Taratibu, mwanangu. Uso wangu unakwisha."

Sasa sauti ilikuwa karibu kabisa. Mize akatupia jicho sinia lililong'aa kando yake. Lo! Mle ndani mlikuwa na nyuso mbili. Wake, na wa yule mwanamke. Pua ya mwanamke ilikuwa inafifia.

"Bibi wee!" Mize akalia. "Namfuta mtu uso!"

Bibi Shemsa akaja mbio. "Ala! Senti ya zamani haisuguliwi kama sinia. Weusi ule ndio nguo yake. Ukiuvua, uso nao unaondoka."

"Pua itarudi?"

"Iliyokwenda imekwenda. Tutunze iliyobaki."

Wakaishika ukingoni. Wakaiosha kwa maji matupu. Wakaikausha kwa kuigusagusa tu. Pa, pa, pa. Kisha wakaifunga kwa kitambaa laini.

Mize akachungulia sinia. Alijiona peke yake. Hapo akaogopa zaidi: je, amemfuta kabisa?

Usiku akaiweka senti kando ya mto wake wa kulalia. Kimya. Kimya kabisa.

"Nisamehe, mama," Mize akanong'ona. "Sitakusugua tena."

Kimya.

Mara, ndani ya kitambaa, mtu akapiga chafya. Ha... chya!

Mize akacheka chini ya shuka. "Pole, mama! Kumbe pua bado unayo!"

Akalala fofofo.