Kanga Yenye Dondo

"Kaka Saady, hii si ile kanga uliyonikatalia mimi?"

Faudhia aliisukuma simu juu ya meza ya kukatia nguo. Saady, mwenye duka la kanga na vitenge mjini Kasulu, aliitazama picha aliyooneshwa na mdogo wake, mkasi ukamsimama mkononi. Kijana mmoja amesimama ukumbini anatabasamu, na mbavuni amefungwa kanga ya zambarau yenye jina lisemalo NIMEKUCHAGUA MBELE YA WATU. Kanga hiyo ilimfikia kutoka Tanga, doti moja tu, naye hakuiuza. Alimpa Asmahani siku ya posa.

"Huyu ni nani?"

"Mwalimu Pasikali, alinifundisha sekondari kule Kibondo. Ameiweka kwenye status asubuhi hii. Soma alichoandika."

Chini ya picha iliandikwa: "Leo Mwalimu Asmahani amenifundisha kupumua."

"Kupumua," alisema Saady.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nilidhani watu huzaliwa wanajua."

Asmahani binti Khamisi alikuwa mwimbaji wa opera. Alizaliwa Kibondo, akasomea sauti Italia, akaimba katika majumba ya huko watu wakasimama kumshangilia, kisha akarejea kufundisha uimbaji chuo kikuu, Dar es Salaam. Likizo hii alikuja kwao kuolewa, na katika siku chache za kuingoja Ijumaa ya nikaha, akawa anawafundisha waimbaji wa mjini. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Saady alimpigia simu mara nne, isipokelewe. Akaandika: "Kanga yangu iko kwenye mwili wa nani?"

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Niko darasani. Nikitoka nitakueleza. Hakuna la kukuumiza."

"Limeshaniumiza. Chagua, kuwafundisha wanaume au kuwa mke wangu. Huwezi, basi Ijumaa usinitegemee."

Simu haikulia tena. Wivu ulimwingia Saady kama mgeni asiyebisha hodi, ukavua viatu, ukaketi, ukataka na chakula. Kila mteja aliyeshika kanga siku ile, yeye aliona mbavu za Pasikali.

Jumatano alipanda basi la alfajiri. Walipofika Makere, bibi mmoja akapanda, akaketi kando yake.

"Mwakeye," alimsalimu kwa Kiha.

Saady alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Bibi akamtazama usoni.

"Unakwenda msibani, mwanangu?"

"Sijui bado, bibi."

Kibondo, sauti ya Asmahani ilimpokea kabla ya mlango wa ukumbi. Ilikuwa sauti moja tu, isiyo na neno, ndefu kupita alivyodhani kifua cha binadamu kinaweza kubeba. Miguu yake ilisimama. Kisha akakumbuka kilichomleta, akaingia.

Asmahani, ndani ya baibui yake nyeusi, alikuwa amesimama hatua tatu mbali na Pasikali, mikono nyuma. Waimbaji wanne walikaa kwenye benchi. Mzee Khamisi, babake, alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, tasbihi mkononi.

"Rudia," alisema Asmahani. "Usiinue mabega. Isukume kanga."

Pasikali alivuta pumzi. Maandishi yaliyokunjamana mbavuni yakakunjuka, herufi baada ya herufi, hadi neno la mwisho.

"Ivue," alisema Saady.

Wote waligeuka.

"Waalaykum salaam," alisema Mzee Khamisi taratibu. "Naona salamu umeisahau Kasulu."

"Nisamehe, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sema."

"Nimempa binti yako kanga ya posa. Naikuta kwa mwanamume."

Pasikali alianza kufungua fundo, jasho likimtoka. "Kaka, mimi nimeoa. Nina watoto wawili. Haya ni mambo ya kuimba sauti ya tatu tu."

"Iache, Pasikali," alisema Asmahani. Akamgeukia mchumba wake. "Wewe ni muuza nguo. Kanga mpya ina nini?"

"Ina dondo, ule wanga wa kiwandani unaoikaza."

"Na ikifuliwa?"

"Hulegea."

"Nguo iliyolegea hainioneshi kitu. Walimu wenzangu huweka kiganja kwenye mbavu za mwanafunzi, wajue kama pumzi imefika. Ndiyo kazi, wala siwalaumu. Mimi nilikataa. Nilimwambia mkuu wa idara nitasimama mbali, nitafunga kitambaa, nitasoma pumzi kwa macho. Walinicheka miaka miwili, hadi wanafunzi wangu walipoanza kufaulu."

Saady aliitazama kanga. "Ulifanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Wakati huo sikukujua, Saady. Nilifanya kwa ajili ya Mola wangu na nafsi yangu."

Tasbihi ya mzee iligonga.

"Kosa langu nalijua," aliendelea Asmahani, sauti imeshuka. "Kanga zangu zote zimefuliwa, nikatoa zawadi yako bila kukuuliza. Hilo nakuomba radhi. Lakini kazi yangu siiachi. Uliniandikia nisikutegemee, na Baba nimemsomea. Sasa neno hilo liseme kwa mdomo, au liondoe kwa mdomo."

Saady alifungua kinywa. Sauti haikutoka.

"Mfunge," Asmahani alimwambia Pasikali.

Pasikali alivua kanga, akamzungushia Saady, akakaza fundo. "Pumua, kaka. Mabega chini. Hadi maandishi yakunjuke."

Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa kuficha kicheko. Saady alivuta pumzi. Dondo likambana, likaachia.

"Nilikosa," alisema. "Wivu uliitangulia akili yangu. Fundisha, Asma. Na Ijumaa nitakuja, ukinikubali."

Asmahani alimtazama babake. Mzee akatikisa kichwa kuridhia.

"Njoo mapema," alisema binti. "Na salamu usiisahau."

Ijumaa, msikitini Kibondo, kipaza sauti kiliwashwa ili wanawake walioko nyumbani kwa bibi harusi wasikie. Pasikali aliketi nje kwenye ngazi, na mkewe kando yake. Shekhe alipomuuliza Saady, alishusha mabega, akavuta pumzi, akatamka kuikubali ndoa kwa sauti iliyovuka barabara.

"Imetoka mbavuni," Pasikali alimnong'oneza mkewe.

Watu walipokuwa wakimpa Saady mkono wa heri, simu ilitetemeka mfukoni mwa kanzu yake.

"Nimekusikia, mume wangu. Umepumua vizuri. Ile kanga nimeifua, haifai tena darasani."