Gauni la Mwaka Jana

Kwanza ilikuwa harufu ya manyoya yaliyolowa, ilhali nyumba ile haikufuga mbwa wala paka. Fundi cherehani aliona inatoka chumbani kwa bintiye. Binti alikuwa amekua kwa kishindo: chunusi, mabega, mlango wa kubamizwa, majibu ya mkato. Kutwa alitazama filamu za vijana wanaogeuka mbwa mwitu.

"Unapendea nini madude haya?" mama alimuuliza siku moja.

"Huyu akigeuka, mama yake bado anamjua," binti alisema, macho kwenye skrini.

Mama alicheka, akarudi kwenye cherehani yake. Laiti angekaa naye wakazitazama pamoja.

Mchana mmoja akamkuta binti jikoni, anaosha vyombo huku anaimba, akamwita "mama" kwa ile sauti tamu ya utotoni. Moyo ukamjaa. Mara mlango wa chumbani ukabamizwa, akabaki ameduwaa katikati ya nyumba, harufu ile ikizidi, asijue akimbilie wapi, maana huku mwanawe anamwita na kule mwanawe anafoka.

Aliita mganga, naye alipokuja aliwaweka mabinti wote wawili sebuleni. Alinong'ona kwamba jini huiga kila kitu, hivyo mzazi ndiye wa kuchagua.

"Nitakayemfukuza harudi, mama. Una hakika?"

Fundi aliamini kazi ya mikono yake. Alileta gauni alilomshonea bintiye mwaka jana. Wa jikoni lilimkaa sawasawa. Wa chumbani lilimkwama mabegani, likafumuka kwapani, naye akaanza kulia.

"Mama, ni mimi. Nimekua tu."

Mama, Mungu amsamehe, alimnyooshea kidole.

Mganga akasoma, akapuliza. Binti akafifia kuanzia miguuni, akimtazama mama yake tu, akiita, akiita, mpaka sauti ikawa mlio wa kitu kilichofungiwa nje, ikasogea uani, ikavuka ukuta, ikapotea. Ndipo fundi alipotambua kwamba harufu ile ilikuwa bado ndani.

Nyumba sasa ni tulivu. Binti anaosha vyombo, anaimba, wala hajibu kwa mkato. Wenzake wa darasani wana watoto wao. Gauni lile mama alilishona upya kwapani, na kila mwaka humvalisha, akiomba limbane walau kidogo.

Halimbani.